Niliacha Risasi, Nikamfuta Bi Verna

Nasra, mdogo wangu wa tumbo moja,

Leo ni siku ya kumi na moja hujatuma sauti. Mama hajasema kitu, ila kila ikishaswaliwa alasiri anajisogeza kwenye kochi la majlis, sebule yetu ya wageni, anaiweka simu mapajani, kioo juu, na anakaa. Saa hizo ndizo kwenu Kingston kunakucha. Mimi nnajifanya nnakunja nguo.

Nimeiandika barua hii wazi, aione kila mtu, kwa sababu nilichokufanyia nilikifanya mbele za watu pia. Na nimeiandika kwa Kiswahili, sio kwa kile Kiingereza chetu cha kazini, ili Mama aisikie kabla hajaisoma mtu mwengine. Nimeshamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Ipeleke."

Wanaosoma hawatujui, kwa hivyo nivumilie nikikusimulia mambo unayoyajua.

Unakumbuka Ijumaa zetu za pwani ya Yiti? Marehemu Baba alitupeleka baada ya swala, wewe una miaka saba na mimi kumi na mbili. Mimi ndiye niliyekufundisha kuogelea. Nilikushika tumbo kwa chini, wewe unapiga miguu, maji ya chumvi yananiingia machoni, nami nakwambia, "Usiogope, nimekushika." Ijumaa ya tatu ukanambia nikuache. Nikakuacha. Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mashua iliyotia nanga, ukaishika ubavuni, ukageuka, ukacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kufika kwenye mashua ile. Baba alikuwa pwani anapiga makofi. "Mtazameni Nasra! Mtazameni!"

Nami nikapiga makofi. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Na chini ya furaha ile palikuwa na kitu kidogo kama mwiba wa samaki kooni. Haukuzuii kupumua, lakini kila ukimeza unajua kuwa upo.

Tukakua. Mimi ndiye niliyetangulia kupata kazi katika ile kampuni ya kupima miji, na mimi ndiye niliyekuingiza. Wasomaji wajue: siku hizi wako watu wengi ambao ofisi yao ni kompyuta tu, wanaweza kukaa mwezi huku na miezi mitatu kule, na wanataka kuambiwa mji upi una intaneti ya kuaminika, vyumba safi, na barabara ambazo mtu anaweza kutembea peke yake. Kampuni inatuma mtu, mtu anakaa, anaandika ripoti, na ripoti inahaririwa kabla haijatoka. Mimi nilikuwa mhariri. Miaka mitatu nilikaa katika chumba chetu cha nyuma hapa Sib, Maskati, dirisha linatazama matangi ya maji ya jirani, nikihariri habari za miji nisiyowahi kuikanyaga. Niliijua mikahawa yao. Nilijua saa wanazofunga maduka. Pasipoti yangu ilikuwa kabatini, chini ya shuka za Idi.

Halafu mkuu wetu akaniandikia mimi. Mimi, Nasra, sio wewe. "Wateja wanauulizia Kingston, Jamaika," aliandika. "Mji una sifa mbaya na tunaogopa kuuweka kwenye orodha bila kuuona. Nenda ukakae wiki sita, utuambie ukweli." Niliusoma ujumbe huo jikoni nimesimama, mafuta yanachemka, na mandazi ya mwanzo yakaungua yote.

Wiki hiyohiyo Mama akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

Ningeweza kukwambia ubaki wewe umtunze. Sikusema. Mkubwa hasemi hivyo. Nilimjibu mkuu kuwa siwezi, nikalitaja jina lako, na usiku ule mezani nikakwambia, "Nenda weye."

Ukaniuliza, "Dada, kweli? Si ilikuwa yako hii?"

"Kazi ni kazi tu," nikasema.

"Kweli kabisa?"

"Nimeshasema."

Haya ndiyo nisiyowahi kukwambia: nilikuwa nikingoja ukatae. Nilitaka useme huendi popote bila yangu, tukae sote kwa Mama, tuikose pamoja. Uliniuliza mara mbili, ukanitazama vizuri usoni, na uso wangu nikaufunga. Basi ukainuka ukaenda kutafuta begi.

Ulipofika ukaanza kutuma sauti zako kwa Mama. Kila siku, kwetu alasiri, kwenu asubuhi. Mama alikuwa akizisikiliza kwa sauti ya juu kabisa, mpaka jirani alijua habari za Kingston. Ile ya mwanzo ilikuwa ya shelisheli. "Mama! Hapa wana shelisheli! Wanalichoma zima kwenye moto mpaka ganda lote linakuwa jeusi, halafu wanalimenya, ndani jeupe, lina moshi. Na wana mkate wa muhogo, mduara, wanaukaanga na samaki."

Mama akapiga makofi kama mtoto. "Shelisheli! Ebu nirejeshee, Thuwaiba. Nirejeshee tena."

Siku hiyo, Nasra, nilikuwa nimezunguka tangu asubuhi kumtafutia muhogo, na unajua tangu soko kubwa lihame kutoka Mawaleh, likaenda mbali, mambo si mepesi kama zamani. Niliubeba kwenye jua, nikaumenya, nikautia nazi. Mama aliula wote huku akikusikiliza wewe, na alipomaliza akanipa sahani akasema, "Nasra ana moyo. Anauona mji kama anayemuona mtu."

Nikaichukua sahani nikaenda kuiosha. Niliiosha kwa muda mrefu.

Kisha akaja Bi Verna. Mjane wa fundi cherehani, mwenye nyumba ya ghorofa moja na chumba cha mbele alichokukodisha. Kila sauti ikawa na Bi Verna ndani yake. Bi Verna kanifundisha dereva gani wa kumpigia na gani wa kumwacha. Bi Verna kanisemea kwa mwenye duka. Bi Verna kasema siku hizi nnatembea kama mtu wa hapa. Ulitusimulia ulivyopita kona moja na mtandio wako kichwani, wanaume wenye nywele za kusokotana wakakaa upande wakakupisha, mmoja akaweka mkono kifuani akakuita Malkia. Mama alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Mimi nimeishi Sib maisha yangu yote na hajatokea mtu wa kunipisha njia akaniita malkia.

Na siku moja, bila kujua, ukasema "Mama Verna". Ulimtazama Mama wetu wakati huo? Hukuweza, ulikuwa mbali. Mimi nilimtazama. Hakuona ubaya wowote. Alisema, "Alhamdulillahi, kapata wa kumwangalia." Aliyeona ubaya ni mimi.

Nnataka uujue wivu wangu ulivyokuwa, kwa sababu haukuwa wa mara moja. Ulikuwa wa kila siku kama kumeza dawa. Siku uliposema mvua imekata umeme na umekaa siku mbili bila intaneti ya nyumba, niliandika "Pole sana mdogo wangu," na nilikuwa natabasamu. Uliposema milima iliyo nyuma ya mji inageuka buluu asubuhi, nilijiambia milima yetu nayo mizuri, nikafungua dirisha, nikayaona matangi. Nikiwa namwogesha Mama nilikuwa nikijiuliza wewe unafanya nini dakika ileile. Nilihesabu kwa vidole tofauti ya saa zetu, tisa, kila mara upya, kama vile ningekuta zimepungua.

Mwisho wa wiki ya sita ulileta ripoti.

Nasra, ilikuwa ripoti bora kuliko zote nilizowahi kuhariri. Hukuficha kitu. Uliandika mitaa ambayo mgeni haingii, na ukaeleza kuwa hata wenyeji wengi hawaingii. Uliandika nondo za madirishani, umeme unaokatika, intaneti inayolegea mvua ikinyesha, na kwamba mwenye wateja wa upande wetu wa dunia atafanya kazi alfajiri mpaka achoke. Uliandika kuwa ulisikia risasi mara mbili. Kisha ukaendelea, na hapo ndipo ilipokuwa ripoti yenyewe. Uliandika: *Bi Verna alizima redio, akasikiliza, akapiga simu mbili, na kabla chai haijapoa mtaa mzima ulikuwa unajua njia gani isipitwe leo. Mwenye jirani kama huyu haishi bila hatari, ila haishi nayo peke yake.*

Ukaandika juu ya wanawake sita wa mtaa ule, wajane na wastaafu, waliosafisha vyumba vyao vya mbele kwa ajili ya wageni ambao kampuni ilisema itawatuma iwapo utausifu mji. Ukaandika meza ya cherehani ya marehemu mume wa Bi Verna, iliyoondolewa mashine na kusogezwa dirishani iwe meza ya kuandikia. Ukamaliza: *Mji huu unamfaa anayekwenda macho wazi na asiyeona haya kuuliza njia.*

Niliisoma mara tatu. Nilisikia sauti yako katika kila mstari, na nikaelewa jambo ambalo sikutaka kulielewa: hurudi. Kampuni ingekuweka hukohuko uwapokee wageni, na ungekaa, na ungekuwa na mji wako. Mji nilioandikiwa mimi.

Sikuandika uongo hata neno moja. Hilo nililishika kama hirizi. Nilichukua risasi kutoka ukurasa wa nne nikazileta ukurasa wa kwanza. Nikaacha risasi, nikamfuta Bi Verna. Nikaacha nondo, nikafuta meza. Nikaacha mitaa isiyoingiwa, nikafuta ule wako. Wanawake sita niliwatoa wote kwa mara moja. Nilibonyeza kwa kidole, wakaondoka. Mstari wako wa mwisho niliukata, na juu kabisa nikaliacha jina lako. Nikaituma.

Siku tatu baadaye mkuu akaamua: haufai kwa sasa. Wageni wa mwanzo wakahamishiwa mji mwengine.

Ulinipigia unalia. "Dada, umeiona ilivyotoka? Wameikata yote! Hata Bi Verna hayumo. Watu watasema mimi ndiye niliyeuandika mji hivi. Nitawaambia nini hawa kina mama?"

Na mimi, Nasra, mimi nikakubembeleza. "Makampuni ndivyo yalivyo," nilikwambia. "Wanaogopa lawama. Wewe umefanya kazi yako. Rudi nyumbani, habibti, upumzike." Nilisema kwa sauti ya upole kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kukusafishia chumba.

Hukurudi. Ulitafuta kazi nyengine ya kompyuta, ukabaki kwenye chumba cha mbele, na ukaendelea kumtumia Mama sauti. Basi sikuvuna hata kile nilichokiibia.

Siku kumi na moja zilizopita Mama akanambia, "Nisomee ile kazi ya mdogo wako."

"Ya Kiingereza, Mama."

"Si ndiyo kazi yako? Nifasirie."

Sikuwa na njia. Nikakaa mbele yake na kompyuta, nikawa nasoma na kufasiri. Alifumba macho. Nilipomaliza, akangoja kidogo.

"Endelea."

"Imekwisha, Mama."

"Imekwishaje? Bi Verna yuko wapi?"

"Hayumo."

"Na meza ya cherehani? Na wale wanawake sita? Na wale waliompisha njia?"

"Walikata ofisini."

"Nani ofisini?"

Nikaifunga kompyuta. Mama akafumbua macho. "Miye nimemsikiliza Nasra wiki sita, kila siku. Nasra akitaja risasi hatui mpaka akwambie watu walifanya nini baada ya risasi. Huyu alotengeneza hii anataja risasi ananyamaza. Huyu si Nasra." Akanitazama. "Lakini nnamjua."

Nikasema, "Ni mimi."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema, "Ulikuwa unataka arudi?"

Nilitaka kusema ndiyo, kwamba nilikuwa nakuhofia, kwamba nilikuwa nakuonea huruma. Nikasema, "Nilitaka asiwe na kitu ambacho mimi sina."

"Haya. Hilo la kweli." Akaipapasa nyonga yake kama kawaida yake akifikiri. "Na miye je, Thuwaiba? Miye ndiye niliyekuzuia usende?"

Sikumjibu upesi, Nasra. Nilichelewa, labda pumzi mbili tatu, nikasema, "La, Mama, hata." Lakini alizisikia zile pumzi. Kukukatia ripoti ni kosa langu la mwanzo. Hilo ni la pili, na sijui namna ya kulihariri.

"Mpigie," akasema. "Miye nipo hapahapa."

Nilikupigia mbele yake. Nilikwambia yote, bila kupamba. Kisha ukauliza jambo moja.

"Ile ya risasi. Ulimfuta Bi Verna wewe?"

"Ndiyo."

"Nilisimama barazani kwake, Dada. Mbele ya wote sita. Niliwaambia kampuni ndiyo iliyokata. Bi Verna alinibembeleza mimi, mimi niliyewaletea hasara." Ukavuta pumzi. "Na wewe ulinibembeleza pia."

Ukakata simu. Tangu siku ile, kimya.

Nilichofanya tangu hapo ni hiki, na sikitaji ili unipongeze. Nilimpelekea mkuu ripoti zote mbili, yako na niliyoiharibu, nikamwonyesha mstari kwa mstari. Ameirudisha yako nzima kama ulivyoiandika. Ipo sasa, mwenye kutaka aisome. Ule uamuzi wa wageni hakuubadilisha, anasema msimu umeshapangwa, labda mwakani. Labda. Uhariri amenitoa, na sikupinga. Nimemwandikia Bi Verna pia, kwa anwani uliyompa Mama. Nilimweleza kuwa meza ile mimi ndiye niliyeifuta. Alinijibu kwa mistari miwili: "Nasra ni mzima na anakula vizuri. Mengine ni yenu ndugu, myamalize wenyewe." Nimeisoma mara nyingi. Hata hapo, astaghfirullah, mwiba uliguswa: yeye ndiye anayenipa mimi habari za mdogo wangu.

Maana sitaki kukudanganya mara ya pili. Sikuandika kusema kuwa wivu umekwisha. Asubuhi hii nimeamka, nikampa Mama dawa zake, nikamtembeza ukumbini hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi, na katikati ya hatua zile nilikuona umekaa dirishani kwenye meza ya mtu aliyekufa, unafanya kazi yako, mji mzima wenye kelele na hofu na shelisheli unapita chini yako, na watu wake wanalijua jina lako. Nilikitaka kitu hicho kwa nguvu hata nikasimama. Mama akauliza, "Umechoka?" Nikasema, "Hapana." Kisha nikasema, "Nnamuonea wivu Nasra, Mama." Ni mara ya kwanza nimelitamka neno hilo ndani ya nyumba hii. Hakushtuka. Akasema, "Nnajua. Twende," tukamalizia hatua zilizobaki.

Siombi unisamehe leo. Nilikupokonya ushahidi wako mbele za watu uliowapenda, na mimi nikijua kuliko mtu yeyote ulivyoandika kwa haki. Ukitaka kunisema, niseme; ukitaka kunyamaza, ninyamazie mimi. Mama usimnyamazie. Yeye hakukosa kitu, na amekaa pale.

Kaa salama huko. Usipite njia yoyote siku Bi Verna akisema isipitwe.

Bado nnakuonea wivu, mdogo wangu. Ila safari hii nimeuandika kwa jina langu.

Dada yako,
Thuwaiba
Sib, Maskati